Hesabu ya Mwisho, Tawi la Nane

Nimetumwa Nzuguni kuhesabu kilichobaki.
Unga wa dona, mifuko kumi na mmoja, miwili imetobolewa na panya.
Dawa ya meno, katoni moja.
Madumu ya alizeti, manne, yametulia kama wageni msibani.
Friji limezimwa, linanuka maziwa ya Agosti.
Vumbi la Dodoma halikungoja barua ya kufunga:
liliingia mapema, likapanda rafu moja moja,
likapanga bidhaa zake.

Mwanzo lilikuwa duka moja, Barabara ya Sita,
Bwana Chidawali mwenyewe kwenye mizani,
mkewe Sechelela kwenye daftari,
na mteja akipungukiwa mia mbili aliambiwa, "Utaleta."
Alileta.

La pili tulifungua Area C, likajaa.
La tatu Kisasa; hapo tukashonewa sare za kijani.
La nne Ilazo, kwa sababu mshindani wetu alionekana Ilazo
akipima kiwanja kwa hatua za miguu.
Baadaye tulisikia alikuwa anatafuta mahali pa kufuga kuku.

Mkopo wa la tano ulilipa marejesho ya la nne.
Rafu za la sita zilijazwa usiku,
mimi juu ya Kenta, nimekalia sukari ya la pili,
ili asubuhi mtu wa benki apite, aguse gunia,
aseme, "Aa, mzigo upo."
Sukari ile imesafiri kuniliko.
Imeona Mtumba, imelala Kibaigwa, imefika Manyoni,
imekatiwa utepe mara nne,
haijawahi kuingia kwenye chai.
Leo nimeikuta humu stoo, imeshikana kama tofali.
Nimeandika: sukari, magunia kumi na manne, haiuziki.

Mama yangu, Hombolo, ana ekari moja ya zabibu.
Nilipomwambia tuna matawi nane
aliuliza, "Na anayepogoa ni nani?"
Nilicheka.
Nilikuwa na sare mpya.

Kwenye ramani ya ofisini kila tawi lilikuwa na duara lake,
kalamu nyekundu, na maduara yalipandana.
Pale yalipopandana aliishi mwalimu Nhonya.
Ilazo tulimhesabu. Kisasa tukamhesabu tena.
Mwalimu mmoja, mshahara mmoja,
mche mmoja wa sabuni kwa wiki,
nasi kikaoni tukapigiana makofi: wateja wameongezeka.

Na Mtumba je? Si serikali yote imehamia?
Imehamia, ndiyo.
Inafika saa moja na nusu, inaondoka saa tisa na nusu,
katikati inanunua maji ya chupa.

Hili la nane lilikuwa karibu na viwanja vya Nanenane;
Bwana akasema hiyo ni ishara.
Kodi ya mwaka tukalipa mbele.
Mwenye nyumba akaezeka upya kwake.

Mnadhani yalifungwa kuanzia la mwisho kurudi nyuma.
Hapana.
La kwanza ndilo lililokuwa dhamana.
Barabara ya Sita ilifungwa kabla ya yote,
ikiwa bado na faida,
daftari la Sechelela likiwa na majina ya watu
waliokuwa njiani kuleta mia mbili.

Nimemaliza. Feni, tatu. Vikapu vya mteja, arobaini,
vimeingizwa kimoja ndani ya kingine.
Funguo sijui nimkabidhi nani.

Nje, ng'ambo ya lami, kijana mwenye futi ya chuma
anapima fremu mpya, amevaa sare ya bluu
bado ina mikunjo ya kwenye nailoni.
Ananivukia barabara, ananisalimu vizuri.
"Kaka, wateja eneo hili wapo?"

"Wapo," namwambia. "Ni walewale."

Anainamia daftari lake.
Ameandika: wapo.